Kazi Imefika Wapi?

Msomaji, kila kazi ina siku za namna tatu: siku ya kuanza, siku ya kuisha, na siku zilizo katikati. Siku ya kuanza huwa na vigelegele. Siku ya kuisha huwa na karamu, au huwa na majuto. Siku za katikati hazina ngoma wala mgeni wa heshima, nazo ndizo nyingi kupita zote. Mtu aliyeanza kujenga nyumba hupenda kukueleza jinsi itakavyopendeza itakapokwisha. Lakini ukimwuliza leo imefika wapi, hukuna kichwa. Katika insha hii nataka kukuonyesha kwamba mwisho wa kazi husomwa katika siku hizo za katikati, na kwamba wanadamu hawakulipata somo hili bure. Walilinunua kwa fedha nyingi, na mara nyingine kwa damu.

Tuanze na mfano mdogo wa kalamu na karatasi. Vibarua wamepewa mfereji wa mita 300, nao wameahidi kuuchimba kwa siku 10. Bwana mmoja huwaacha wachimbe, akakusudia kurudi siku ya kumi. Bwana mwingine hupima kila jioni na kuandika. Jioni ya siku ya nne huona kwamba mita 80 zimechimbwa. Basi hufanya hesabu: mita 80 kwa siku 4 ni mita 20 kwa siku, zimebaki mita 220, kwa mwendo huo zitahitaji siku 11 nyingine. Mfereji hautakwisha siku ya kumi, bali siku ya kumi na tano. Habari hii ni mbaya, lakini ameipata akiwa bado na siku sita mkononi. Aweza kuongeza watu, aweza kutazama kama majembe ni mabutu, au aweza kumwambia mapema yule anayeyangoja maji. Yule bwana wa kwanza ataipata habari hiyo hiyo siku ya kumi, wakati haina dawa tena. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku nazo hupotea vivyo hivyo.

Hapo kale, kazi zilipokuwa ndogo, daftari ya namna hii haikuhitajiwa sana. Mkulima aliliona shamba lake lote akisimama juu ya kichuguu. Fundi wa jahazi alilizunguka jahazi lake kwa hatua chache, akajua mbao ngapi zimebaki. Lakini katika karne ya kumi na tisa ilizaliwa kazi ambayo jicho la mtu mmoja halikuweza kuienea. Kazi hiyo ni reli.

Huko Marekani, reli nyingi za kwanza zilikuwa za njia moja. Magari ya moshi yaendayo magharibi na yale yajayo mashariki yalipita juu ya vyuma vile vile, na yaliweza kupishana mahali maalumu tu, kwa kufuata ratiba na saa. Gari likiisha kuondoka stesheni, lilikuwa kama jahazi lililopotea machoni: hakuna aliyejua lilipo mpaka litokee tena. Tarehe 5 Oktoba 1841, katika reli iliyoitwa Western Railroad, jimbo la Massachusetts, magari mawili yaligongana uso kwa uso. Kondakta mmoja na abiria mmoja walikufa, na watu 17 wakaumia. Wakuu wa reli ile walishtuka, wakaigawanya njia yao kwa sehemu na kumwekea kila mtu wajibu wake kwa maandishi. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini halikuondoa shida yenyewe. Ratiba husema gari linapaswa kuwa wapi. Haisemi liko wapi.

Dawa ilitoka mahali pengine. Mwaka 1844 Samuel Morse alipeleka habari kwa waya wa umeme kutoka Washington hadi Baltimore. Hii ilikuwa simu ya kale, isiyobeba sauti ya mtu, bali migongo mifupi na mirefu ambayo karani aliigeuza kuwa herufi. Miaka michache baadaye waya kama huo ulikuwa umetandazwa kando ya reli ya New York and Erie, iliyofunguliwa yote mwaka 1851, kutoka Mto Hudson mpaka Ziwa Erie, mwendo wa karibu maili 450. Hata hivyo waya ulikuwa upande wake na magari upande wao. Hakuna aliyefikiri kuamrisha gari kwa simu.

Inasimuliwa kwamba katika mwaka huo huo wa 1851 mkuu wa reli hiyo, Charles Minot, alikuwa akisafiri kwenda magharibi. Gari lake lilisimama katika stesheni ndogo iliyoitwa Turner's, kulingoja gari jingine lililokuwa likija. Kwa kanuni ya siku zile, ilipasa kungoja. Wakangoja, na lile jingine lisitokee. Minot akaingia katika chumba cha karani wa simu, akauliza stesheni ya Goshen, maili 14 mbele: Je, gari lile limekwisha pita hapo? Jibu likaja kwamba bado. Basi akaamuru kwamba likifika Goshen lizuiwe, naye akamwambia dereva wake aendeshe. Dereva akakataa katakata. Hakuwa tayari kuutoa uhai wake kwa ajili ya habari iliyoletwa na uzi wa chuma. Minot mwenyewe akashika injini, na yule dereva, yasemekana, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa katika behewa la mwisho. Walifika Goshen salama. Minot akauliza tena stesheni ya mbele, akaenda. Akauliza tena, akaenda. Na kwa njia hiyo akaokoa muda wa safari.

Usimcheke yule dereva, msomaji. Alikuwa mtu wa busara kwa kadiri ya maarifa ya wakati wake. Lakini tazama kilichobadilika siku ile. Minot hakuwa na injini yenye nguvu zaidi wala reli iliyonyoka zaidi. Alikuwa na jibu la swali moja tu: lile gari liko wapi sasa? Kwa jibu hilo aliweza kusema, bila kubahatisha, yatakayokuwa katika maili 14 zilizo mbele yake.

Aliyelifanya jambo hilo la siku moja liwe desturi ya kila siku ni Daniel McCallum. Mtu huyu alizaliwa Scotland mwaka 1815, akahamia Marekani pamoja na wazazi wake, akawa fundi wa madaraja, na mwaka 1854 akapewa usimamizi wa reli ya Erie. Aliona jambo ambalo huenda lingewapita wengine. Alisema kwamba msimamizi wa reli ya maili 50 aweza kuangalia kazi yake mwenyewe, kwa macho yake, na kuwajua watu wake wote. Lakini reli ya maili 500 haiwezi kuongozwa kwa namna hiyo, na ndiyo maana reli ndefu zilipata hasara mahali ambapo reli fupi zilipata faida. Kilichokosekana ni habari za hakika, zinazofika kwa wakati.

Basi McCallum alipanga habari hizo. Kila saa, taarifa zilipelekwa kwa simu kueleza kila gari liko wapi, na kama limechelewa, limechelewa kwa sababu gani. Taarifa hizo ziliandikwa katika safu za daftari kubwa, hata mtu aliyekaa ofisini aliweza kuiona reli nzima kama mtu aonavyo ubao wa bao. Kulikuwa na taarifa za kila siku na za kila mwezi pia. Mwaka 1855 ulichorwa mchoro unaofanana na mti, shina lake likiwa ni rais wa kampuni na wakurugenzi, na matawi yake yakiwa ni wafanyakazi wa kila sehemu ya njia, ili ijulikane nani humpasha nani habari. Kwa daftari zile McCallum hakujua ya leo tu. Alipokwisha kuona mara nyingi mahali gani magari huchelewa na kwa sababu gani, aliweza kutazamia kuchelewa kabla hakujatokea.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu. Lakini historia haina desturi ya kuishia penye utamu. Daftari ile ile iliyoonyesha gari liko wapi, ilionyesha pia ni nani wa kulaumiwa. McCallum alikuwa mkali, na kanuni zake zilikuwa kali. Moja la manung'uniko ya madereva lilikuwa kanuni iliyomtwika dereva lawama injini yake ikipotea njia penye vipande vya reli vinavyogeuzwa, ilhali kuvigeuza ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Madereva waligoma mwaka 1854, wakagoma tena mwaka 1856, na mgomo wa pili ukaitia kampuni hasara kubwa. Mwaka 1857 McCallum akajiuzulu. Baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani, serikali ilimwita mwaka 1862 kuongoza reli za kijeshi, naye akaifanya kazi hiyo kwa sifa; lakini Erie hakurudi.

Nakuomba ulifikiri jambo hili kwa makini, maana ndilo kiini cha insha yangu. Habari za kazi hutolewa na watu walio kazini. Dereva ndiye ajuaye kwa nini amechelewa. Karani wa stesheni ndiye ajuaye saa ya kweli gari lilipopita. Mtu akijua kwamba neno la kweli litamponza, atajifunza kusema neno la kupendeza. Hapo daftari itajaa, lakini itajaa uongo, na anayetabiri kwa daftari hiyo hana tofauti na anayetabiri kwa ndoto. Kuiangalia kazi ni jambo moja. Kumvizia mfanyakazi ni jambo jingine. Mabwana wengi wameyachanganya mawili haya, wakapoteza yote mawili.

Reli ilipofika kwetu ilileta somo lilo hilo. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na waya wa simu ukatandazwa kando yake. Bunge la Uingereza lilikuwa limekubali paundi 3,000,000, makisio yaliyofanywa kabla kazi yenyewe haijaanza kusema. Kazi ilipoanza kusema, ilisema mengine. Ilisema nchi ya Taru haina maji. Ilisema maradhi huangusha watu na wanyama. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwatia vibarua hofu hata kazi ya daraja ikasimama. Huko mbele, Wanandi waliokuwa wakiilinda nchi yao walikata waya wa simu na kuutumia kwa mapambo, na vita vyao na Waingereza vilidumu mpaka miaka ya 1905 na 1906. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mwaka 1900 ililazimu kurudi Bungeni kuomba fedha nyingine. Ilipofika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, gharama ilikuwa imepita paundi 5,000,000. Vibarua zaidi ya 2,000 waliotoka Bara Hindi walikuwa wamekufa. Anayesema kwamba makisio ya kwanza yalikuwa mabaya kwa kuwa waliyoyafanya ni wajinga, hasemi kweli yote. Makisio ya siku ya kwanza ni mabaya karibu sikuzote. Mwenye hekima hafungi macho akayashikilia. Huyasahihisha kila kazi inapomwambia neno jipya.

Kusahihisha huko kulipata chombo chake mwanzoni mwa karne ya ishirini. Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1861, alichora chati ambayo hata mtu asiyependa hesabu aliweza kuisoma. Juu ya karatasi ziliandikwa siku au majuma. Chini yake, kila kazi ilipewa mstari ulioonyesha ilivyopangwa, na mstari mwingine mzito ulioonyesha iliyokwisha tendeka. Alama moja ilionyesha leo ni lini. Mstari mzito ukiishia nyuma ya alama hiyo, kazi imechelewa. Ukiipita, kazi imetangulia. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Marekani ilipojitahidi kuunda meli na silaha kwa haraka katika miaka ya 1917 na 1918, chati hizi zilitumika sana. Gantt alikufa mwaka 1919, lakini chati yake ingali ikitumika mpaka leo.

Hata hivyo chati nzuri yaweza kuwa pazia. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani lilikuwa likiunda kombora liitwalo Polaris, la kurushwa na nyambizi iliyo chini ya maji. Kazi hiyo iligawanywa kwa makampuni mengi mno, na wakuu wake wakatunga hesabu iliyoitwa PERT. Kila hatua ilikadiriwa mara tatu: ikienda vizuri, ikienda kama kawaida, na ikienda vibaya. Kisha hatua zote ziliunganishwa kama wavu, ili ionekane ni mfuatano upi wa hatua ulio mrefu kupita yote, kwa maana huo ndio uamuao siku ya mwisho. Mwezi wa Julai 1960 kombora lilirushwa kutoka chini ya bahari na nyambizi George Washington, na sifa za PERT zikaenea duniani kote. Lakini mtaalamu mmoja, Harvey Sapolsky, aliichunguza kazi ile na kuandika kitabu mwaka 1972. Aliona kwamba wengi waliokuwa kazini hawakuitumia hesabu hiyo kama ilivyosemwa, na kwamba faida yake kubwa ilikuwa kuwatuliza watu wa nje wasiingilie. Waliotazama michoro ukutani waliamini kwamba kazi yote imo mikononi. Basi hata wewe, ukionyeshwa chati yenye rangi nyingi, uliza swali la Minot: Nani ameleta habari hii, na ameileta saa ngapi?

Leo swali hilo huulizwa kwa kompyuta. Ombi la mkopo linapopita benki, au kontena linapopita bandarini, kila hatua huacha alama yake: nani ameigusa, na saa ngapi. Wataalamu, na miongoni mwao Wil van der Aalst wa Uholanzi, aliyetoa kitabu juu ya elimu hii mwaka 2011, wametunga njia za kukusanya alama hizo na kuzisoma. Kompyuta huzitazama kazi elfu nyingi zilizokwisha pita, huilinganisha na kazi iliyoko njiani, kisha husema: kazi kama hii, ikifika hapa kwa siku kama hizi, kwa kawaida huisha baada ya siku kadha wa kadha. Ukiyaondoa majina makubwa, utaona ni hesabu ile ile ya mfereji wetu, isipokuwa mifereji imekuwa mingi na anayepima hachoki.

Wala udhaifu wake haukubadilika. Karani akiziandika hatua zote jioni kwa mara moja, ilhali zilitendeka tangu asubuhi, kompyuta itaamini saa ya uongo na kutabiri kwa saa hiyo. Tena, anayetabiri kwa yaliyopita husadiki kwamba yajayo yatafanana nayo. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka na bandari, hesabu nyingi zilizofunzwa kwa miaka ya amani zilipotea njia, kama nahodha mwenye ramani ya bahari nyingine. Hapo hapana budi mtu arudi kwa aliye kazini na kumwuliza kwa kinywa chake.

Msomaji, siku moja utapewa kazi kubwa ya kuongoza. Labda itakuwa duka, labda shule, labda barabara, labda nchi. Siku ya kuanza utapigiwa makofi, nawe utaahidi siku ya kuisha. Nakusihi usiziache siku za katikati zipite bila daftari. Pima mara kwa mara, andika unachokiona na si unachokitamani, na ahadi ikishindwa na hesabu, ibadili ahadi mapema na kuwaambia wanaokungoja. Na atakapokuja mtu wa chini yako na habari mbaya siku ya nne, mpe kiti akae. Amekuletea siku sita.